Kikokotoo Nilichokizuia Mlangoni

Muhula uliopita, dakika chache kabla ya mtihani wa haidroliki kuanza, nilimpokonya mwanafunzi wa mwaka wa tatu kikokotoo chake. Nilikuwa msimamizi mkuu wa ukumbi. Kanuni ilikuwa imebandikwa mlangoni, na sehemu yake kubwa niliiandika kwa mkono wangu miaka sita iliyopita, nilipokuwa katibu wa kamati ya mitihani ya idara: vinaruhusiwa vikokotoo vya kisayansi visivyopokea programu. Chake kilikuwa kikokotoo cha grafu, TI-84 Plus CE, alichotumiwa na shangazi yake anayefanya kazi Muscat. Nilikitia ndani ya bahasha, nikaandika juu yake namba ya usajili, nikamwambia aingie.

Aliingia mikono mitupu. Kuazimana vifaa ndani ya ukumbi nako kumekatazwa na kanuni ile ile. Kwa saa tatu nilipita pita baina ya madawati, na kila nilipofika kwake nilimwona akihangaika kukokotoa kwa kalamu kipeo cha theluthi mbili, kazi ambayo wenzake waliimaliza kwa kubonyeza vitufe vinne.

Siku mbili baadaye alibisha hodi ofisini kwangu. Nilijiandaa kujitetea kwa kanuni.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Karibu, keti."

"Dokta, sikuja kulalamika. Shangazi anauliza kama anaweza kutafuta kingine. Nimwambie anunue kipi?"

Ndugu wasomaji, nina shahada ya uzamivu na nimefundisha hisabati za uhandisi kwa miaka kumi na minne, lakini swali hilo lilinishinda. Nilijua kinachokatazwa. Sikujua kinachofaa. Nilimwomba aniachie kikokotoo chake kwa wiki za likizo. Kutoka kwa rafiki anayefundisha katika shule ya kimataifa, ambako mtaala wao unamlazimu kila mwanafunzi wa hisabati awe na kikokotoo cha grafu, niliazima Casio fx-CG50. Mwenzangu wa idara alinikopesha HP Prime. Kutoka kwenye droo yangu nilitoa HP 50g, niliyoinunua kwa mtu nilipokuwa masomoni Ulaya, na fx-991MS iliyochakaa, ile ambayo karibu kila aliyesoma kidato cha tano na cha sita nchini anaijua kwa kuipapasa tu.

Kabla sijaendelea, niseme nilikotokea. Mimi ni wa kizazi cha majedwali. Mtihani wetu wa kidato cha nne wa hisabati tuliufanya kwa kitabu cha majedwali ya tarakimu nne, na mwalimu wetu, ambaye nitamrejea baadaye kwa sababu mwaka huu amestaafu, alikuwa akitupitisha safu kwa safu kwa ncha ya penseli. Jedwali lilikuwa na fadhila moja ambayo niliitambua baada ya kulipoteza. Ulipotafuta logi ya 2.37, macho yako yalipita kwenye 2.36 na 2.38. Jibu lilikuja pamoja na majirani zake. Kikokotoo cha kisayansi kilipokuja kidato cha tano, na mtihani wa Hisabati ya Juu ukawa unafunguliwa kwa swali la kukitumia, majirani wale walitoweka. Likabaki jibu peke yake kwenye kioo, lenye tarakimu kumi.

Kwa hiyo niliamua kuvipima vyote kwa swali moja, tena la mtaani. Chukua mtaro wa zege wenye umbo la mstatili, upana mita 1, mteremko wa 0.005, na ukwaruzo wa 0.015 kwa mlinganyo wa Manning ambao kila mwanafunzi wa ujenzi anaujua. Kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde kinategemea kina cha maji, lakini kina hicho kimejificha mara mbili ndani ya mlinganyo, mara moja kikiwa kimeinuliwa kwa theluthi mbili. Huwezi kukitoa nje kwa aljebra ya kawaida. Swali la mtihani huwa hivi: maji yakiwa mita 1 ya ujazo kwa sekunde, kina kitakuwa kiasi gani?

Ile fx-991MS inalo jibu. Ina kitufe cha kutatua milinganyo. Unaandika, unakisia, unangoja kidogo, inakupa 0.526. Sentimita 53 basi, na mtaro wenye kina cha sentimita 60 unatosha. Mwanafunzi anapata alama zake, nami nimezitoa alama hizo kwa miaka mingi.

Nikaandika mlinganyo ule ule kwenye TI-84 ya binti yule, nikachora. Mstari ulianza chini kushoto, ukapanda ukijipinda. Nikasogeza alama juu yake: kina cha mita 0.6, maji 1.19. Kina cha mita 0.3, maji 0.46. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Mtaro uliojaa mchanga na mifuko ya plastiki hadi nusu ya kina chake haubaki na nusu ya uwezo wake. Unabaki na chini ya asilimia 40, maana maji yanapoteza nafasi na kasi kwa pamoja. Yeyote aliyewahi kuvushwa kwa mkokoteni Jangwani siku ya mvua amewahi kusikia afisa akieleza kwamba mitaro "imeziba kidogo". Hilo "kidogo" lina umbo, na umbo lake limepinda.

Mtu ataniambia kwamba hata kwenye fx-991MS ningeweza kuingiza vina kumi tofauti na kupata majibu kumi. Ni kweli. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha sijamwona mwanafunzi aliyefanya hivyo bila kuamrishwa.

Sasa nivilinganishe vyenyewe, kwa kuwa ndilo nililoulizwa.

TI-84 Plus CE ilitoka mwaka 2015, na nasaba yake ni ndefu kuliko sura yake inavyoonyesha. Babu yake ni TI-81 ya mwaka 1990, na ubongo wake ni wa ukoo wa Z80, kichakata kilichoingia sokoni mwaka 1976. Skrini ina rangi, nukta 320 kwa 240, na betri ni ya kuchaji. Kuipata nukta ya makutano ya mistari miwili kunahitaji ujibu maswali matatu: mstari wa kwanza ni upi, wa pili ni upi, unakisia wapi. Haifanyi aljebra ya herufi. Haijui vipimo, mita na futi kwake ni namba tu. Marekani inauzwa zaidi ya dola 100, na huwezi kuielewa bei hiyo kwa kuifungua uone vilivyomo. Inaeleweka ukijua kwamba mwaka 1994 mtihani wa SAT uliruhusu vikokotoo, na kwamba kuanzia mwaka 1995 mtihani wa AP wa kalkulasi uliwataka watahiniwa wawe na cha grafu. Vitabu vya kiada vikaandikwa vikionyesha vitufe vyake, walimu wakafunzwa juu yake, na mzazi akawa ananunua sare ya shule yenye vitufe.

Casio ndio waliotangulia. Fx-7000G yao ya mwaka 1985 ndiyo inayotambuliwa kuwa kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa madukani. Hii fx-CG50 ya mwaka 2017 ina skrini pana zaidi, nukta 384 kwa 216, inachora hadi maumbo ya pande tatu, na inakubali programu za Python. Menyu zake zinajieleza. Niliyapata makutano ya mistari bila kusoma mwongozo. Tena inatumia betri nne ndogo, aina ya AAA. Wanaoandika tathmini za vifaa hivi ughaibuni huihesabu hiyo kuwa kasoro, kwa sababu kwao umeme haukatiki. Mimi naihesabu kuwa sababu ya kwanza ya kuichagua. Ndugu yake mdogo, fx-9750GIII, hana rangi na skrini yake ni ya kizamani, lakini anachora, anapokea Python, anakula betri zile zile, na bei yake ni karibu nusu ya ile TI. Kama ningekabidhiwa fedha za kununua vikokotoo arobaini kwa maabara ya sekondari ya kata, ningenunua hivyo bila kuuliza zaidi.

HP nitakizungumzia kwa upendeleo, na nakiri mapema. Kampuni hiyo ndiyo iliyomtoa mhandisi kwenye rula ya kukokotolea, kwa HP-35 ya mwaka 1972 iliyouzwa dola 395. Vikokotoo vyake vya wahandisi vilifuata utaratibu wa kuweka namba kwanza na tendo baadaye, wazo lenye asili katika kazi za mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz. Tatu, nne, jumlisha. Wanafunzi wangu wakiiona wanacheka, lakini ndivyo mama muuza nyanya anavyohesabu: anaweka mafungu kwanza mbele yako, kisha anasema jumla. Hii 50g ya mwaka 2006 huchora kwa mwendo wa kobe, kwa sababu ndani yake kichakata kipya kimewekwa kuigiza kile cha zamani. Hata hivyo ina jambo ambalo TI-84 na fx-CG50 hazina: inabeba vipimo pamoja na namba. Ukijumlisha mita na sentimita inazioanisha, na ukijaribu kujumlisha mita na kilo inakataa. Mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kwenye sayari ya Mirihi kwa sababu upande mmoja ulitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na upande mwingine ukazisoma kwa vipimo vya metriki. Kwa mhandisi, kukataa huko ni neema.

HP Prime ya mwaka 2013 ni mrithi wake. Ina skrini ya kugusa, unavuta mchoro kwa vidole viwili kama picha kwenye simu, inafanya aljebra ya herufi, inajua vipimo, na ina kasi kuliko vingine vyote mezani pangu. Kama mhandisi aliyeajiriwa angeniuliza, ningemjibu hiki na kumaliza mazungumzo.

Lakini aliyeniuliza ni mwanafunzi. Na hapo nililigundua jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu nilipoiandika kanuni ile: vifaa hivi havikuumbwa na wahandisi peke yao. Vimeumbwa pia na kamati za mitihani. Mwaka 1995 Texas Instruments walitoa TI-92, chenye aljebra ya herufi na kibodi kama ya taipureta. Kibodi hiyo ndiyo iliyokiponza, kwa sababu kanuni za mitihani ya Marekani zilivizuia vifaa vyenye kibodi ya namna hiyo. Mwaka 1998 wakatoa TI-89, chenye uwezo ule ule kwa sehemu kubwa, ila herufi zake zimefichwa juu ya vitufe vya kawaida. Kikaingia. Mwaka 2020 sasisho la programu ya TI-84 Plus CE liliondoa uwezo wa kuendesha programu zilizoandikwa kwa lugha ya mashine, na sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa mitihani. Watu waliokwisha kulipia vifaa vyao wakapunguziwa uwezo wakiwa majumbani. Na mtu asije akanijibu kwamba angalau mhandisi wa Marekani yuko huru: mtihani wa leseni ya uhandisi nchini humo una orodha yake ya vikokotoo, na humo mna fx-115 na fx-991 za Casio, HP 33s na 35s, TI-30X na TI-36X. Cha grafu hakimo hata kimoja. Taifa lililowalazimisha watoto wake kununua kikokotoo cha grafu sekondari linawanyang'anya mlangoni wanapotaka kuwa wahandisi, kama nilivyofanya mimi.

Kwa hiyo sikuwa peke yangu, na hilo halikunifariji. Hofu ya wizi wa mitihani ni ya kweli; nimeshika vikaratasi vya kila aina, na kikokotoo chenye kumbukumbu ya maandishi ni kikaratasi chenye betri. Ila wenzetu wengine wameitafutia hofu hiyo dawa. Serikali ya Ufaransa ilitaka vikokotoo vya mtihani viwe na hali ya mtihani: mtahiniwa anaiwasha mbele ya msimamizi, kumbukumbu inafungwa, na taa ndogo inawakawaka juu ya kifaa ili aonekane kutoka mbali. Vyote vitatu vya kisasa vilivyokuwa mezani pangu vinaweza kufungwa namna hiyo, kila kimoja kwa njia yake. Kile cha binti yule nacho kingeweza kufungwa hivyo. Nilikizima na kukitia kwenye bahasha bila kujua.

Na SAT yenyewe imehama. Tangu ilipoingia kwenye kompyuta, mwaka 2023 kwa watahiniwa wa nje na mwaka 2024 ndani ya Marekani, kikokotoo cha grafu cha Desmos kimo ndani ya programu ya mtihani, bure, sawa kwa mtoto wa tajiri na wa maskini. Sare ile iliyouzwa kwa miaka thelathini sasa inaweza kubaki dukani.

Hapa ndipo yule mwalimu wangu anapoingia. Alikuja nyumbani Jumamosi moja katikati ya likizo hiyo, na karatasi zake za mafao ndani ya bahasha ya kaki. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, akaona vikokotoo vitano vimepangwa mezani.

"Wewe unafungua duka?"

"Hapana, Mwalimu. Ninavilinganisha."

"Basi kimojawapo kinisaidie. Kila mtu anazungumza juu ya kikokotoo, mimi sijakiona."

Watumishi wa umma mnaonisoma mnajua alichokusudia. Katika nchi hii neno hilo lilihama kutoka kwenye mkoba wa mwanafunzi mwaka 2018, mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF ilipounganishwa kuwa PSSSF na kanuni mpya ya mafao ikatangazwa. Desemba ya mwaka huo Rais Magufuli aliisimamisha. Kuanzia Julai 2022 ikaja ya asilimia 33 kwa mkupuo, na mwaka 2024 ikapandishwa kuwa asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50. Serikali ilieleza kwamba kanuni ya zamani ingeifilisi mifuko, na hoja hiyo ina uzito wake. Mwalimu hakuja kubishana nayo. Alitaka kujua jambo moja.

"Hii ya arobaini wanasema nimeongezewa. Nimeongezewa kuliko nini?"

Sitataja mshahara wake. Nitumie mfano: miezi 360 ya utumishi na wastani wa mshahara wa shilingi milioni 1 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani, ile ya kugawa kwa 540, kuzidisha kwa 15.5 na kuchukua nusu, mkupuo ni milioni 62 na pensheni ya mwezi ni shilingi 333,333. Kwa kanuni ya sasa, ya kugawa kwa 580 na kuzidisha kwa 12.5, asilimia 33 ilikuwa inatoa mkupuo wa takriban milioni 30.7 na pensheni ya 415,862. Asilimia 40 inatoa mkupuo wa takriban milioni 37.2 na pensheni ya 372,414. Hizo ni namba, na Mwalimu alikuwa nazo tayari za kwake. Zilikuwa zimemchosha.

Nilichukua HP Prime, nikaandika mistari mitatu: jumla ya fedha alizokwisha kupokea mstaafu baada ya kila mwaka, kwa kila kanuni. Niliacha nje riba, kupanda kwa bei na nyongeza yoyote ya pensheni itakayokuja, nikamwambia nimeviacha. Mistari ikachorwa. Ule wa zamani ulianza juu sana na kupanda taratibu. Ule wa asilimia 33 ulianza chini na kupanda kwa kasi. Ule wa asilimia 40 ulikuwa katikati mwanzoni.

"Wa thelathini na tatu unaupita wa arobaini hapa," nilimwonyesha. "Miaka kumi na miwili na nusu. Ukistaafu na sitini, una sabini na miwili na nusu."

"Na wa zamani?"

Nikauvuta mchoro kwa vidole. Mstari wa asilimia 33 uliufikia wa zamani kwenye mwaka wa 31 na nusu hivi, mstaafu akiwa na miaka 91. Nikavuta zaidi, zaidi tena. Wa asilimia 40 uliufikia kwenye mwaka wa 53, kasoro kidogo.

Mwalimu alikaa kimya akihesabu. "Mia na kumi na miwili."

"Karibu mia na kumi na mitatu, Mwalimu."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Aliniambia nibadilishe mshahara, niweke milioni tatu. Mistari yote ikapaa. Makutano yakabaki pale pale. Akaniambia nipunguze miezi ya utumishi. Mistari ikashuka, makutano hayakusogea. Akasema, "Lete karatasi," akatoa penseli mfukoni na kuandika milinganyo miwili, mmoja upande wa kushoto na mwingine kulia. Akaukata mshahara pande zote mbili, akaikata miezi pande zote mbili, akanigeuzia karatasi.

"Unaona? Havimo. Wa mkurugenzi na wa mhudumu wa ofisi inakutana mwaka ule ule."

Nimekuwa nikiandika juu ya kanuni hii tangu mwaka 2018, kwa hasira na kwa takwimu, na jambo hilo sikuwa nimeliona. Mwalimu wa hisabati wa sekondari aliliona kwa dakika kumi, akiwa na mchoro mbele yake na penseli mkononi. Grafu ilimwonyesha kwamba kitu hakisogei. Penseli ikamweleza sababu. Najiuliza mjadala ule wa kitaifa ungekuwaje kama tungepewa mistari mitatu badala ya asilimia moja. Najiuliza pia kama tungeisoma, sisi tuliofunzwa kwa miaka yote kungoja namba itokee kwenye kioo.

Baada ya wiki hiyo nilimwita binti yule nikampa jibu lake. Nilimwambia shangazi asinunue kitu. Kwa mtihani, na kwa kadiri kanuni yangu inavyobaki ilivyo, anahitaji fx-991, na hata anunue iliyotumika. Kwa kujifunza, GeoGebra na Desmos zipo kwenye simu yake bila malipo na zinachora kuliko kifaa chochote kilichokuwa mezani pangu. TI-84 aitunze, ikifika siku akahitaji kuiuza, aiuze. Akishaajiriwa na kulipwa, anunue HP kwa fedha yake na asimwazime mtu.

"Kwa hiyo kilichokuwa kibovu siyo kikokotoo," alisema.

Sikumjibu kwa maneno. Nilimwonyesha rasimu ya kurasa mbili niliyoipeleka kwenye kamati, inayopendekeza maneno "visivyopokea programu" yafutwe, iwekwe orodha ya vifaa na sharti la hali ya mtihani, idara inunue vikokotoo vya kuazimisha mlangoni kwa asiye nacho, na kila mtihani wa haidroliki uwe na angalau swali moja ambalo jibu lake ni umbo. Kamati haijakaa. Matokeo yake ya mtihani ule yametoka. Amepata D, naye ataurudia Septemba pamoja na wengine. Nimeomba nisisimamie.

Mwalimu, kwa upande wake, alipokuwa akiondoka Jumamosi ile aliigeuza geuza ile 50g yangu ya zamani mkononi.

"Hiki kinaruhusiwa kwenye mitihani?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi niazime. Kinatumia betri gani?"

"Nne ndogo. Hata pale dukani kwenye kona zipo."

Alikitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na karatasi zake za mafao, akaniomba nimwandikie jinsi ya kukiwasha.